Seva iliyolala alfajiri ya maji kujaa

Boti ya Faza haingoji mtu. Si ukali wa nahodha. Ni Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, ambao maji yakipwa hubaki tope na mizizi ya mikoko, na chombo kilichopakia hakipiti. Kwa hiyo saa ya kung'oa nanga Lamu hupangwa na bahari: wiki hii alfajiri, wiki ijayo adhuhuri. Watu wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini wanalijua hilo tangu utotoni, na mimi niliyezaliwa Langoni, mtaa wa Lamu, nalijua vilevile. Lakini siku nilipoketi kuchagua mahali pa kuhosti programu ya tiketi za boti hizo, yaani seva, kompyuta ya mbali ya kuiendesha mtandaoni, nililisahau. Niliangalia bei.

Mwaka 2022, asubuhi moja mapema, niliamshwa na simu. Aliyepiga ni Ami, mwenye boti mbili na mkubwa wa kikundi cha manahodha sita walionipa kazi ile. Hakunisalimia. "Mwanangu, kuna bibi hapa gatini analia. Asema amelipa, na orodha yako yasema hajalipa. Njoo."

Nilimkuta bibi amekaa juu ya kiroba cha unga, mjukuu wake amemwegemea. Boti, iliyoendeshwa na mtoto wa Ami, ilikwisha kuondoka saa kumi na mbili kasorobo. Akanipa simu yake, kabambe ya vibonye iliyofungwa kwa mpira wa manila. Ujumbe wa M-Pesa ulikuwa pale: saa 11:02 alfajiri, kiasi sawa, jina la kikundi chetu sawa, na nambari ya akaunti F214 ambayo ndiyo nambari ya tiketi yake. Hakukosea hata herufi. Kwenye orodha ya nahodha F214 ilikuwa nyekundu. Na utaratibu niliouandika mimi mwenyewe ulisema kiti kisicholipiwa hadi nusu saa kabla ya safari kipewe anayesubiri. Kikapewa. Boti ikajaa, na Ami hapakii mtu zaidi ya idadi ya maboya ya kuokolea.

"Nimeiamini simu yako, sikumwamini yeye," Ami aliniambia, taratibu. "Na yeye namjua miaka thelathini."

Bibi alishinda kwa mke wa Ami, akaondoka na maji ya jioni. Mimi nilirudi nyumbani nikafungua logi za seva. Babu yangu alikuwa baharia, na vyombo vya zamani vilikuwa na batli, daftari la kuandika kila kilichotokea safarini. Logi ndiyo batli ya seva. Mstari wa mwisho wa usiku ulikuwa wa saa nane na dakika kumi na kitu. Uliofuata ni wa saa kumi na moja na dakika tatu: programu inawashwa. Katikati, hamna neno. Saa 11:02 M-Pesa ilibisha hodi kuleta habari za malipo ya bibi, na nyumbani mwetu hapakuwa na aliyeamka kufungua; seva ilipomaliza kuamka, mgeni alikwisha kuondoka. Dakika kumi na mbili baadaye mtoto wa Ami alifungua orodha, seva sasa iko macho, ikamwonyesha nyekundu.

Nilikuwa nimechagua mpango wa bure wa kampuni moja ya kuhosti. Mpango wa bure ulikuwa na sharti, limeandikwa wazi kwenye maelezo yao na nililisoma: programu isipotembelewa kwa dakika kumi na tano, inalazwa. Mgeni mwingine akija inaamshwa, na kuamka kwenyewe kulichukua karibu dakika nzima. Niliposoma nilifikiria mgeni aliyekaa na kivinjari chake, anasubiri kidogo, basi. Sikufikiria mgeni ambaye si mtu. Mtu akilipa kwa kuingia mwenyewe kwenye menyu ya M-Pesa, akaandika nambari ya biashara na nambari ya akaunti, hapiti kwenye tovuti yako kabisa. Habari huletwa na mashine, moja kwa moja kwenye anwani uliyoisajili, na mashine ile haina subira ya dakika nzima.

Nirudi nyuma kidogo, maana huko nako kuna la kusema. Kabla ya hapo nilikuwa na seva tupu ya kukodi, dola 5 kwa mwezi, na kila kitu juu yake nilikifanya mimi: mfumo endeshi, viraka vya usalama, hifadhidata ya PostgreSQL, ukuta wa kuzuia wavamizi. Ukiiacha seva ya namna hiyo wazi kwenye intaneti usiku mmoja tu, asubuhi unakuta logi zimejaa majaribio ya kubahatisha nywila kutoka pande zote za dunia. Nililizoea hilo. Kilichonishinda ni cheti cha HTTPS, kile kinachoithibitishia simu ya mgeni kwamba tovuti ni salama. Nilitumia Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya bure, ambayo vyeti vyake vilidumu siku 90, na kazi ya kukihuisha nilikuwa nimeipanga ijiendeshe. Mara moja haikujiendesha. Mimi nilikuwa Siyu kwenye harusi ya binamu yangu, siku mbili, mtandao wa kubahatisha. Siku nzima na nusu watu waliofungua ukurasa waliambiwa na simu zao kwamba mahali hapa si salama. Baada ya harusi ile nikasema inatosha, sitaki tena kuwa mlinzi wa usiku, natafuta huduma yenye usimamizi.

Na huduma yenye usimamizi ni jambo jema, nataka niliseme hili kwa moyo wote, kwa sababu kuna mafundi wanaoona ni uvivu. Wao ndio wanaotia viraka kwenye mfumo endeshi. Wao ndio wanaohuisha cheti. Programu ikianguka saa tisa usiku wao ndio wanaoinyanyua. Wewe unasukuma msimbo wako kwa Git, chombo cha kutunza na kutuma msimbo, dakika chache toleo jipya liko hewani. Kwa mtu mmoja aliye Lamu, mwenye kazi nyingine ya mchana, usimamizi ule si anasa. Kosa langu halikuwa kuhamia huko. Kosa lilikuwa kwamba nilijua ninachokikimbia, sikujua ninachokihitaji.

Baada ya yule bibi nilifanya kwanza jambo ambalo wengi hulifanya: nikaweka huduma ya nje ya kuigusa seva kila dakika kumi ili isilale. Ilifanya kazi wiki tatu. Halafu nikagundua mpango wa bure una kikomo cha saa kwa mwezi, na kwamba seva isiyolala huyamaliza masaa yake kabla ya mwezi kuisha. Tarehe 27 programu ilizimwa hadi tarehe 1. Simshauri mtu. Na mipango ya bure yenyewe si ahadi: kampuni ya Heroku, iliyowafundisha waandishi wengi wa programu raha ya kusukuma msimbo na kwenda kulala, iliifunga mipango yake yote ya bure tarehe 28 Novemba 2022.

Hapo ndipo nilipokaa kuchagua kwa akili timamu. Nilichukua daftari la shule nikaandika juu ya ukurasa: saa 11:02 alfajiri. Kila kampuni niliyoiangalia niliiuliza itafanya nini saa hiyo. Orodha za sifa zinazopambwa kwenye kurasa zao, lugha ngapi za programu, matoleo gani ya Python, vitufe gani vya dashibodi, nilizipita haraka. Karibu wote wanaendesha Django na Node, vyombo vya kujengea tovuti, hapo hakuna cha kuwatofautisha.

Swali la kwanza lilikuwa dogo: inalala au hailali? Kwa kawaida mpango wa kwanza wa kulipia haulali, na hilo peke yake lilifuta nusu ya ukurasa. La pili lilifuatana nalo: naweza kuendesha kazi za ratiba, pembeni ya tovuti? Maana nilishajifunza kwamba kusubiri hodi ya M-Pesa peke yake hakutoshi hata seva ikiwa macho. Daraja, mlango wa M-Pesa kwa waandishi wa programu, una njia ya kuuliza miamala iliyokwisha kupita. Sasa kila dakika tano programu yetu huuliza: kuna malipo ambayo hatukuyapata? Na muamala ukija mara mbili, nambari yake ya M-Pesa ndiyo kitambulisho, haubadilishi chochote mara ya pili. Haya ni ya kuandikwa na wewe. Hakuna kampuni ya kuhosti itakayokuandikia, iwe na usimamizi wa namna gani.

La tatu lilinigharimu mwezi. Nilipata kampuni nzuri yenye seva za Frankfurt, na kampuni nyingine iliyokuwa inatoa hifadhidata ya PostgreSQL kwa nusu bei, seva zake ziko Marekani. Nikaona ni ujanja kuziunganisha. Ukurasa wa orodha ya abiria, ambao kwenye kompyuta yangu ulifunguka papo hapo, ukawa unachukua karibu sekunde nne. Nikadhani ni mtandao wa Lamu. Nikalalamikia mnara wa simu wiki nzima, nikabadilisha laini, nikatoka Langoni hadi Shela kujaribu tena. Mwishowe nikahesabu. Ukurasa ule ulikuwa unaiuliza hifadhidata maswali arubaini, moja baada ya jingine: kiti hiki cha nani, amelipa, anashukia wapi. Kila swali lilivuka Atlantiki na kurudi, kama milisekunde 90. Arubaini mara tisini ni 3,600. Sekunde tatu na nusu na zaidi zilikuwa zikipotelea bahari ambayo abiria wetu hana safari nayo. Nililipunguza tatizo kwa kuuliza maswali matatu badala ya arubaini, ambayo ilikuwa kazi yangu tangu mwanzo, na nikaihamisha hifadhidata chumba kimoja na programu. Tangu siku hiyo, kampuni isiyoweza kunipa vyote viwili katika eneo moja siiangalii mara ya pili.

Watu huniuliza kwa nini seva isiwe Afrika. Nilitamani iwe hivyo. Azure ya Microsoft ilifungua vituo vya seva Johannesburg mwaka 2019, AWS ya Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, Google ikaja Johannesburg mwaka 2024. Lakini huduma ndogo zenye usimamizi, zile zinazomfaa mtu wa programu moja, nyingi bado haziko huko, na anayechukua wingu la kampuni kubwa hizo moja kwa moja hurudi kwenye kazi za ulinzi wa usiku nilizozikimbia. Halafu ukaribu wa ramani si ukaribu wa waya. Nilipima kutoka Lamu wiki nzima kwa data ya simu, asubuhi, mchana na usiku. Frankfurt ilikuwa kama milisekunde 170, haipandi wala haishuki sana. Johannesburg mara ilikuwa chini ya mia, mara ikaruka kana kwamba ujumbe umepitia Ulaya kwanza, na huenda ulipitia. Nyaya za baharini zinafika Mombasa, SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy tangu 2010, na njia unayopitishwa huamuliwa na mikataba ya kampuni za mtandao, si urefu wa safari. Nikachagua isiyoyumba. Baharia angefanya hivyohivyo: upepo wa kadiri unaovuma siku nzima unakufikisha kuliko wa nguvu unaokata.

Kisha ilikuja Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. SEACOM na EASSy zilikatika zote mbili kusini, na Februari mwaka huohuo nyaya kadhaa zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu. Mtandao Afrika Mashariki nzima ukawa wa kukokotwa siku kadhaa. Seva yetu ilikuwa nzima, macho, haina kosa lolote, na nahodha hakuweza kufungua orodha. Nitarudi hapo.

Diski nitaipitia kwa ufupi, ingawa iliniliza. Kwenye huduma nyingi za aina hii diski ya programu ni ya muda: kila ukisukuma toleo jipya, au seva ikianzishwa upya, mafaili yaliyopakiwa na watu hufutika. Picha za leseni za boti zote sita zilipotea hivyo, na Ami alizunguka tena na bahasha yake kunipa nizipige upya. Mafaili ya watu yanawekwa ghala la nje, lililotengwa na programu. Ulizia hilo kabla hujapakia picha ya kwanza.

La kutoka je, siku nikitaka kuhama kampuni? Hili naliwekea uzito kuliko bei. Nilikataa kila kitu ambacho kingenifunga: hifadhidata za aina ya pekee, foleni zinazopatikana kwa kampuni moja tu. PostgreSQL ya kawaida, programu inayowaka kwenye konteina ya kawaida, kifurushi kinachobebeka kwenda kampuni nyingine, basi. Nakala rudufu za kampuni ni nzuri, lakini zimo ndani ya akaunti ileile. Kadi ikikataliwa, akaunti ikafungwa, zinafungwa nazo. Kwa hiyo kila usiku nakala nyingine inakwenda mahali pengine, na kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya sala, naichukua naifufua kwenye kompyuta yangu ya nyumbani hadi nione majina ya abiria wa jana. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikuta nakala za siku kumi na moja ni mafaili matupu. Yalikuwa na majina mazuri, yenye tarehe, na ndani hamna kitu.

Majina yale nayo yana haki yake. Orodha ya abiria ni majina na nambari za vitambulisho, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hairuhusu kuyapeleka nje ya Kenya bila uthibitisho wa ulinzi wa kutosha au ridhaa ya mwenyewe. Kampuni ambayo haikuweza kunionyesha mkataba wa kulinda data niliiacha, na nambari za vitambulisho sasa tunazifuta safari ikiisha.

Bei, mwishoni, ni dola 25 kwa mwezi, programu na hifadhidata pamoja. Niliwaeleza manahodha kwa shilingi, na hapo nilipata somo jingine. Mwisho wa 2022 dola 25 zilikuwa kama shilingi 3,075. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160 na ada ileile ikawa 4,000 na ushei. Hakuna aliyetupandishia bei, na bado kikundi kililipa zaidi. Sasa tunaweka akiba ya miezi mitatu mbele, na ada naipangia kwa kiwango kibaya, si cha leo.

Kabla ya kulipa nilijaribu jambo moja ambalo namshauri kila mtu. Niliziandikia kampuni tatu zilizobaki daftarini, saa tisa usiku kwa saa ya Lamu, swali la kweli: hifadhidata yenu ndogo inaruhusu miunganisho ishirini kwa wakati mmoja, na wakati wa Maulidi tunajaza boti za Mokowe, gati la bara, kutwa, ya ishirini na moja itapata nini? Moja ilinijibu papo hapo kwa mashine, maneno mengi, jibu hamna. Moja ilijibu baada ya siku mbili, kwa adabu, ikaniuzia mpango mkubwa zaidi. Ya tatu alijibu mtu baada ya dakika arubaini, akaniambia sihitaji mpango mkubwa, nahitaji kutumia miunganisho ileile kwa zamu, akanieleza namna. Huko ndiko tuliko mpaka leo. Maulidi kadhaa zimepita.

Sasa ile Jumapili ya nyaya. Ami alisubiri hadi maji yakaanza kugeuka, kisha akapakia watu kwa kuwaamini. Hesabu ilipokuja kutoka, waliopanda wote walikuwa wamelipa isipokuwa mmoja, naye alileta pesa mwenyewe Jumatatu. Nikabadilisha programu wiki hiyohiyo. Sasa kila jioni saa moja, mtandao ukiwa mzima, orodha ya kesho hutumwa kwa SMS kwa kila nahodha, na wanaolipa usiku huongezewa chini kadiri wanavyoingia. Ami hapendi kusoma kwenye simu. Humtuma mjukuu wake duka la kuchapisha, na karatasi huikunja mara mbili akaitia ndani ya kofia yake.

Juzi nilisafiri nao kwenda Faza. Gatini giza bado, Ami na tochi mkono mmoja, karatasi mkono wa pili, anaita majina. Jina la tatu lilikuwa la bibi yule. "Nipo," akaitika, akampa mjukuu mkono, wakapanda.